Laptop Inapozimika Ghafla kwa Sababu ya Draiva ya Wi-Fi

Laptop imefanya kazi vizuri asubuhi nzima. Unaiunganisha na Wi-Fi, dakika chache zinapita, skrini inageuka bluu na maandishi ya Kiingereza, kisha mashine inajiwasha upya. Unaunganisha tena, inaanguka tena. Ushauri wa kwanza utakaoupata karibu kila mahali ni huu: mpelekee fundi apige Windows upya.

Usikubali haraka. Kupiga Windows upya kunaondoa programu zako zote, kunaziweka faili zako hatarini, na mara nyingi hakutibu kitu, kwa sababu draiva ileile yenye kasoro inarudi siku hiyohiyo, ama kwa mkono wa Windows yenyewe au kutoka kwenye mkusanyiko wa draiva ambao fundi anautumia kwa kila mashine. Kasoro ya aina hii huwa ndani ya faili moja. Ukiijua faili hiyo kwa jina, unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kugusa kazi zako.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizomo katika laptop nyingi, zikiwemo za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Anayetumia Linux ana sehemu yake karibu na mwisho. Majina ya sehemu za Windows nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyaone kwa urahisi unapoyatafuta.

## Kwa nini faili moja inaangusha mfumo mzima

Programu ya kawaida, kama ya kuandikia au ya kuchezea muziki, inafanya kazi ndani ya mipaka iliyowekewa na Windows. Ikikosea, inafungwa peke yake na mashine inaendelea. Draiva ya Wi-Fi haina mipaka hiyo. Inafanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye ruhusa ya kufikia kumbukumbu yote na vifaa vyote. Ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyopaswa kuigusa, au ikikishikilia kichakataji kwa muda mrefu kupita kiasi, Windows haina namna ya kujua ni data gani nyingine imeharibika. Kwa hiyo inasimamisha kila kitu makusudi, ili data iliyoharibika isije ikaandikwa kwenye diski. Skrini ya bluu ni kinga, na maandishi yake ni ushahidi.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona uzito wa jambo hili. Sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo nayo hufanya kazi ndani ya kiini, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Tiba yake haikuwa kupiga Windows upya. Ilikuwa kuwasha mashine katika hali salama na kufuta faili iliyohusika. Kasoro ile haikuwa ya Wi-Fi, lakini njia ya kuitibu ndiyo tutakayoifuata hapa.

Kazi ya draiva ya Wi-Fi ni ngumu. Inapokea data kutoka hewani wakati wowote, inahama kutoka ruta moja hadi nyingine, inazima redio ili kuokoa betri na kuiwasha tena laptop inapoamka. Ndiyo maana kasoro zake hujitokeza hasa mashine inapojiunga na mtandao, inapopitisha data nyingi, na inapoamka kutoka usingizini.

## Dalili zinazoelekeza kwenye Wi-Fi

Jiulize kwanza: mashine ilikuwa inafanya nini dakika moja kabla haijaanguka? Zitilie maanani dalili hizi:

- Inaanguka muda mfupi baada ya kuunganishwa na Wi-Fi, lakini isipokuwa na mtandao, au ikitumia waya wa mtandao, inatulia.
- Inaanguka unapopakua faili kubwa, unapopiga simu ya video, au unapowagawia wengine intaneti kwa hotspoti ya laptop.
- Inaanguka unapofunua kifuniko baada ya kuilaza, au inaganda unapoilaza.
- Alama ya Wi-Fi inapotea na kurudi kabla ya skrini kubadilika.
- Tatizo lilianza baada ya sasisho, baada ya kupigwa Windows, au baada ya kadi ya Wi-Fi kubadilishwa.

Laptop inayozimika ghafla bila ujumbe wowote, huku feni ikivuma na chini pakiwa pa moto, ina tatizo la joto au la umeme. Ile inayoanguka hata ukiwa unaandika tu bila mtandao inahitaji kuchunguzwa kumbukumbu na diski kabla ya Wi-Fi kulaumiwa.

## Linda vitu vyako kwanza

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo matatu.

Kwanza, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Kama mashine haikai muda wa kutosha kumaliza kunakili, zima Wi-Fi mara tu inapowaka.

Pili, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker. Laptop nyingi za miaka ya karibuni huwa na diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS au ukiingia hali salama, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kutumia simu, andika ufunguo huo kwenye karatasi, ndipo uendelee.

Tatu, hifadhi draiva zote zilizomo sasa. Tengeneza folda iitwayo Draiva kwenye flashi, fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, kisha andika:

`pnputil /export-driver * E:\Draiva`

Badilisha herufi E iwe herufi ya flashi yako. Amri hii inanakili draiva zote za watengenezaji wa vifaa. Iwapo siku moja utalazimika kupiga Windows upya, sauti, kamera na kadi ya picha hazitakusumbua.

## Soma ushahidi

Windows kwa kawaida hujiwasha upya haraka kiasi kwamba huwahi kusoma kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, nenda Advanced, kisha Settings chini ya Startup and Recovery. Ondoa alama kwenye Automatically restart. Hapohapo, chini ya Write debugging information, chagua Small memory dump. Tangu hapo mashine ikianguka itabaki na ujumbe wake kwenye skrini. Upige picha kwa simu. Katika Windows 11 toleo la 24H2, kuanzia masasisho ya 2025, skrini hiyo ni nyeusi badala ya bluu, lakini ujumbe ni wa aina ileile.

Tafuta vitu viwili: msimbo wa kusimama, na jina la faili linaloishia na .sys. Misimbo inayoambatana sana na draiva za mtandao ni hii:

- DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, yaani 0xD1: draiva iligusa kumbukumbu kwa wakati usioruhusiwa. Ikiambatana na jina la faili ya Wi-Fi, huo ni ushahidi mzito.
- DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, 0x9F: draiva ilishindwa kulala au kuamka pamoja na mashine.
- DPC_WATCHDOG_VIOLATION, 0x133: kazi iliyopaswa kumalizika mara moja imekawia kupita kiasi. Draiva za diski nazo huuleta msimbo huu, kwa hiyo usihukumu bila jina la faili.
- SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED, 0x7E: hitilafu ilitokea ndani ya kiini na hakuna aliyeishughulikia.

Majina ya faili ndiyo yanayomtaja mhusika. Linaloanza na Netwtw ni la Intel. Rtwlane ni la Realtek. Yanayoanza na athw au Qca ni ya Qualcomm Atheros. Bcmwl ni la Broadcom, netr28 ni la Ralink, na mtkwl ni la MediaTek. Ukiona ndis.sys au tcpip.sys, usikimbilie kuzifuta, maana hizo ni faili za Windows yenyewe na mara nyingi zimeharibiwa kazi na draiva iliyo jirani nazo. Vivyo hivyo ntoskrnl.exe ni kiini chenyewe, na kutajwa kwake peke yake hakuthibitishi lolote.

Kama hukuwahi kupiga picha, ushahidi bado upo. Windows huhifadhi kumbukumbu ya kila anguko katika folda `C:\Windows\Minidump`. Programu ndogo ya bure ya NirSoft iitwayo BlueScreenView inazisoma na kuonyesha msimbo na faili inayoshukiwa. Anayetaka uchunguzi wa kina atumie WinDbg ya Microsoft: fungua faili ya kumbukumbu, andika `!analyze -v`, usome mistari inayoanza na MODULE_NAME na IMAGE_NAME. WinDbg huhitaji intaneti ili kupakua data za utambuzi, kwa hiyo angalia bando lako kabla.

Fungua pia Reliability Monitor kwa kuandika `perfmon /rel`. Utaona kalenda ya maanguko na masasisho. Ukikuta draiva ya mtandao iliwekwa Jumanne na alama nyekundu zikaanza Jumatano, umeshapata mwanzo wa tatizo. Katika Event Viewer, tukio la Kernel-Power lenye namba 41 linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. La maana zaidi ni lile la BugCheck lenye namba 1001, kwa kuwa linabeba msimbo.

Kusanya maanguko mawili au matatu uyalinganishe. Yakitaja draiva moja ileile, endelea na mwongozo huu. Kila moja likitaja faili tofauti isiyohusiana na mwenzake, shuku RAM, hasa kama iliongezwa hivi karibuni. Endesha `mdsched.exe` usiku, uache jaribio limalizike.

## Thibitisha kwa kuizima kadi

Ushahidi wa faili uhakikishwe kwa jaribio. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya kadi yako ya Wi-Fi kwa upande huohuo, kisha chagua Disable device. Usitegemee Airplane mode kwa jaribio hili, kwa sababu yenyewe inazima redio tu huku draiva ikibaki ndani ya kiini.

Sasa itumie laptop kama kawaida, ukiipatia intaneti kwa waya. Huna waya wa ruta? Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB na uwashe USB tethering katika mipangilio ya simu. Laptop itaiona simu kama mtandao wa waya, na draiva ya Wi-Fi haitahusika kabisa. Jambo moja la kuangalia: nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection, la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho na kulimaliza bando lako.

Ikitulia kwa muda ambao kwa kawaida ingekuwa imeshaanguka mara kadhaa, umethibitisha. Ikianguka vilevile, rudi kwenye ushahidi na utafute mhusika mwingine.

Kama mashine inaanguka kabla hujafika Device Manager, ingia hali salama. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, na ubonyeze 4. Chagua 4 badala ya 5, kwa kuwa 5 inajaribu kuwasha mtandao. Hata skrini ya kuingia isipopatikana, kuizima mashine kwa nguvu mara mbili au tatu mfululizo inapoanza kuwaka huifanya Windows ifungue yenyewe ukurasa wa urekebishaji. Baadhi ya laptop za kibiashara pia huruhusu kuizima kadi ya Wi-Fi ndani ya BIOS: kwa kawaida F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad.

## Ijue kadi yako kwa hakika

Usiamini stika iliyo chini ya laptop, hasa ya mtumba, kwa kuwa kadi inaweza kuwa ilibadilishwa. Katika Device Manager fungua Properties za kadi, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na `PCI\VEN_`. Herufi na tarakimu nne zinazofuata zinamtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek, na 1814 ni Ralink. Nne zinazofuata DEV_ zinataja aina ya kadi yenyewe. Ziandike zote.

Kisha andika `netsh wlan show drivers` katika Command Prompt. Utapata jina la draiva, tarehe yake na toleo lake. Hiyo ndiyo draiva unayoishuku. Nakili toleo lake kwa ukamilifu, usije ukapakua lilelile ukidhani ni jipya.

## Ondoa mbovu, weka inayofaa

Kwanza pata draiva mbadala, ndipo uondoe iliyopo. Chanzo bora ni tovuti ya aliyetengeneza laptop yako. Tafuta kwa namba kamili ya modeli au, kwa Dell, kwa Service Tag. Kama laptop ni ya zamani na ukurasa wake hauna draiva ya Windows unayoitumia, nenda kwa mtengenezaji wa kadi. Intel, kwa mfano, hutoa draiva za kadi zake moja kwa moja. Epuka programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, pamoja na mikusanyiko ya draiva inayozunguka kwenye flashi. Hizo hulinganisha kwa kukisia, na hapo ndipo kadi nyingi hupewa draiva isiyo yake.

Draiva inayofaa si lazima iwe mpya kabisa. Tatizo likiwa limeanza baada ya sasisho, unahitaji toleo la nyuma. Likiwa limeanza baada ya kupigwa Windows mpya kwenye mashine ya zamani, huenda unahitaji la mbele.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Jaribu kurudi nyuma. Katika Properties za kadi, nenda Driver, bofya Roll Back Driver. Ikikubali, washa upya na ujaribu. Ikiwa imefifia, hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa, kwa hiyo endelea.
2. Chomoa mtandao wote, ukiwemo wa simu, ili Windows isiwahi kupakua draiva ileile wakati unaiondoa.
3. Katika Device Manager chagua Uninstall device, na uweke alama kwenye kisanduku cha kuondoa pia draiva yenyewe. Usipoweka alama hiyo, faili mbovu inabaki kwenye hifadhi ya Windows na itarudi ukiwasha upya.
4. Hakikisha imeondoka. Andika `pnputil /enum-drivers`, utafute mistari inayotaja mtengenezaji wa kadi yako na kundi la Network adapters. Kila draiva ina jina kama oem12.inf. Kama la zamani bado lipo, liondoe kwa `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`, ukiweka namba yako mahali pa 12. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, usije ukaondoa draiva ya kitu kingine.
5. Washa upya, sakinisha draiva uliyoipakua, kisha washa upya tena.
6. Rudia `netsh wlan show drivers` na uthibitishe kwamba toleo limebadilika.

Kama hakuna draiva ya mtengenezaji inayotulia, jaribu iliyokuja na Windows yenyewe. Chagua Update driver, Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list. Mara nyingi utakuta zaidi ya moja. Ile ya Microsoft inaweza kukosa mbinu za ziada lakini ikakupa utulivu.

## Punguza mzigo na zuia isirudi

Maanguko yanayotokea wakati wa kulala na kuamka mara nyingi huisha kwa badiliko moja. Katika Properties za kadi, nenda Power Management, ondoa alama kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Kama ukurasa huo haupo kwenye laptop yako, fungua mipango ya umeme katika Control Panel, utafute Wireless Adapter Settings, uweke Maximum Performance. Betri itapungua haraka kidogo, lakini mashine itaamka salama.

Katika ukurasa wa Advanced wa kadi unaweza pia kuishusha kutoka 802.11ax hadi 802.11ac. Intaneti ya nyumba nyingi ni ya polepole kuliko uwezo wa viwango vyote viwili, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa hutaona tofauti ya kasi. Badilisha kipengele kimoja, jaribu, andika matokeo, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichotibu, na siku tatizo likirudi utaanza upya.

Ili Windows isirudishe draiva uliyoiondoa, sitisha masasisho kwa muda kupitia Pause updates wakati unajaribu. Kisha tafuta Change device installation settings na uchague No. Usiyafunge masasisho ya Windows moja kwa moja. Mwezi Juni 2024 Microsoft ilitoa marekebisho ya udhaifu namba CVE-2024-30078 katika draiva ya Wi-Fi ya Windows, udhaifu uliomruhusu mtu aliye karibu kuendesha programu kwenye mashine yako bila wewe kubofya chochote. Draiva ya zamani inaweza kutuliza laptop na wakati huohuo kuacha mlango wazi. Kwa hiyo ukirudi nyuma kwenye toleo la zamani, lichukue kama kituo cha muda: kila miezi michache rudi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama limetoka toleo jipya lililorekebishwa. Na kama bado uko Windows 10, kumbuka kwamba msaada wake wa kawaida ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025.

## Ikiwa bado inaanguka

Angalia programu zinazojipachika kwenye njia ya mtandao. VPN na antivairasi nyingi huweka draiva zao kati ya Windows na kadi, na draiva hizo zikigongana, lawama huandikwa kwa draiva ya Wi-Fi. Ziondoe kabisa kupitia Settings, washa upya, ujaribu. Katika muda huo Windows itatumia Microsoft Defender.

Rekebisha faili za mfumo. Endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimalizika endesha `sfc /scannow`. Ya kwanza huhitaji intaneti.

Mwisho, kagua kadi yenyewe. Zima laptop kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri, gusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha fungua kifuniko cha chini. Kadi iliyolegea ichomolewe na kukazwa vizuri, na nyaya mbili nyembamba za antena zibanwe taratibu mahali pake. Kama kadi imekufa, bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya laptop, lakini uliza kwanza kama mashine yako inakubali kadi yoyote: baadhi ya laptop za zamani za HP na ThinkPad hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyo kwenye orodha yao. Katika hali hiyo, zima kadi ya ndani na utumie adapta ndogo ya USB.

## Kwa wanaotumia Linux

Kuanguka kwa kiini cha Linux hujionyesha kwa skrini kuganda, na kwenye mashine nyingine taa ya Caps Lock huwaka na kuzima mfululizo. Baada ya kuwasha upya, soma kumbukumbu za uwasho uliopita kwa `journalctl -k -b -1`, kisha tambua kadi na draiva yake kwa `lspci -nnk`. Kadi za Intel hutumia iwlwifi, za Realtek za karibuni hutumia rtw88 au rtw89, na za Qualcomm Atheros hutumia ath9k, ath10k au ath11k.

Kama tatizo limekuja na kiini kipya, chagua Advanced options kwenye orodha ya GRUB na uwashe kiini cha zamani. Ikitulia, baki hapo hadi marekebisho yatoke. Kama mashine haiwaki kabisa, bonyeza e kwenye GRUB na uongeze `modprobe.blacklist=iwlwifi` mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, ukiweka jina la draiva yako. Mashine itawaka bila Wi-Fi, nawe utapata nafasi ya kusasisha kifurushi cha linux-firmware, ambacho mara nyingi ndicho chenye tiba.

## Ukimpelekea fundi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze fundi kila kitu: lini ilianza, inaanguka ukifanya nini, na umeshajaribu nini. Mpe picha za skrini, namba za Hardware Ids, na toleo la draiva lililokuwepo. Mwombe atafute draiva kwa namba hizo badala ya kuweka mkusanyiko. Akisema lazima apige Windows upya, muulize ni ushahidi gani umemwonyesha hivyo, na umkabidhi flashi yenye draiva ulizohifadhi. Fundi mzuri atafurahi kupewa taarifa hizi, kwa kuwa zinamwokolea saa nyingi za kubahatisha.

Kazi ikishakamilika, usiridhike kwa kuona Wi-Fi imeunganishwa. Rudia makusudi mazingira yaleyale yaliyokuwa yakiiangusha: pakua faili kubwa, ilaze na kuiamsha mara kadhaa, hama kutoka ruta hadi hotspoti ya simu. Ikistahimili, weka draiva iliyofanya kazi kwenye flashi pamoja na karatasi yenye jina la kadi, toleo la draiva na tarehe. Sasisho lijalo likileta tatizo tena, marekebisho yatakuwa ya dakika chache, na utayafanya mwenyewe.